Kikohozi cha Sungura

14 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Sisi huku tupo, tunajikongoja. Shemeji yako yuko safarini na lori, anarudi Jumapili. Mama anakusalimu na anasema siku hizi unazungumza na sungura zaidi kuliko unavyozungumza na aliyekuzaa. Mdogo wetu Kitinda naye anakusalimu, tumbo limekuwa kubwa na anataka kila mtu alishike. Mashine yangu ya kushonea ilivunjika sindano tatu kwa wiki moja, lakini sare za shule nimezimaliza, zimebaki kola tu.

Tone tumetoka naye hospitali juzi. Amelala siku kumi na saba. Umeshaambiwa na mama, lakini mama hakukuambia yote kwa sababu na mimi sikumwambia yote.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Nimekupigia mara tatu tangu mtoto alazwe, na kila nikifika kwenye swali mtandao wa kwako unakatika. Karatasi haikatiki. Hata ukiikunja ukaitia mfukoni, maneno yatakuwa bado yapo.

Ilianza kama mafua. Siku ya tatu akaanza kukohoa mfululizo, mara kumi, mara kumi na tano, bila nafasi ya kuvuta pumzi. Halafu akawa hakohoi tena. Anatulia tu. Nilikuwa namwogesha kwenye beseni saa nne asubuhi, jua limejaa chumbani, nikaona midomo inageuka rangi ya uzi wa sare, ile bluu iliyokolea. Nilimpigapiga miguu akavuta hewa. Nilikimbia naye barabarani nimevaa ndara moja. Daktari alisikiliza dakika mbili akasema kifaduro. Alikuwa na wiki tano na nusu, kaka. Chanjo ya kwanza inachomwa wiki ya sita. Alikuwa amebakiza siku tatu.

Daktari aliniuliza nani nyumbani kwenu anakohoa. Nikasema hakuna. Ulikuwa umeshaondoka siku tisa kabla.

Sasa nakuuliza wewe, na ni swali moja tu. Zile wiki mbili ulizokaa kwangu mwezi wa pili, ulikuwa unakohoa. Ulipofika kile kikohozi kilikuwa na siku ngapi?

Sikuulizi ili kukushtaki. Nakuuliza kwa sababu Kitinda anajifungua mwezi wa tano, na mama ameshapanga uende kwake ukamsaidie kama ulivyonisaidia mimi. Nataka kujua kabla hujamshika mtoto mwingine.

Nijibu hilo moja. Mengine tutaongea.

Mdogo wako,
Mama Tone

*

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa siku nane kwenye rundo la magazeti ya Miwani. Ndiye daktari wetu wa mifugo, na barua zote za hapa zinapitia mezani kwake. Miwani anaweza kuona bakteria mmoja kwenye kioo lakini bahasha nyeupe haioni. Usinilaumu kwa kuchelewa.

Nimefurahi sana kusikia Tone ametoka. Mtoto wa kike wa ukoo wetu, hata kifo kinamwogopa. Mwambie mjomba anamletea manyoya ya sungura atengenezewe kofia. Huku tunaendelea. Tumepata majike kumi na wanne wapya. Kuna dume mmoja, Namba Arobaini, amejifunza kufungua kitasa cha banda kwa meno. Kila asubuhi namkuta kwenye korido anatembea kama mkaguzi. Nimefunga waya, amekata waya. Nadhani mwezi ujao atanidai mkataba.

Kuhusu kikohozi changu usihangaike. Kile ni kikohozi cha sungura. Hapa kila mtu anacho, tunakiita cha kazi. Sungura wetu karibu nusu wana mafua yasiyoisha. Utawaona miguu ya mbele manyoya yamegandamana kwa sababu wanajifuta pua kutwa. Niliwakuta hivyo nilipoajiriwa, miaka sita iliyopita, na sijamzika hata mmoja kwa ajili hiyo. Wanakula, wanazaa, wanapiga chafya. Ukikaa nao unapata na wewe kidogo. Ni kitu cha muda mrefu na cha upole. Hakiwezi kumfanya mtoto abadilike rangi.

Mimi ningekuwa wewe ningeangalia lile vumbi la vitambaa. Chumba cha mbele unashona, chumba cha nyuma mtoto analala, katikati pazia. Nyuzi zile zinaruka. Mapafu ya mtoto ni laini.

Kwa Kitinda nitakwenda, nimeshaomba ruhusa. Msalimie shemeji.

Kaka yako

*

11 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo, magoti tu. Kitinda hajambo. Tone ameongezeka gramu mia mbili, lakini kila akishiba anakohoa na kuyarudisha yote, kwa hiyo nanyonyesha mara mbili kwa mlo mmoja. Nalala nikiwa nimekaa. Jana nilishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, nikamkabidhi mteja, akaivaa, akanitazama tu.

Nilikuuliza siku ngapi, ukanijibu habari za sungura anayefungua kitasa.

Nimeisoma barua yako mara nne nikidhani labda nimeruka mstari. Hakuna mstari. Halafu ukamalizia na vumbi la vitambaa. Hilo la vumbi nilishalisikia. Mama mkwe wangu alilisema siku ya pili tu hospitalini, amesimama pale miguuni pa kitanda, anamwambia mwanawe kana kwamba mimi sipo: mtoto analelewa kwenye kiwanda. Shemeji yako hakujibu. Na mtu asipojibu, ameshajibu. Tangu tumerudi, akipita mlangoni mwa chumba cha mbele anafuta hewa kwa mkono. Sasa na wewe, damu yangu, umekuja na kijiti chako kuongezea moto. Wewe uliyekaa katika chumba hichohicho wiki mbili na unajua kwamba nilimwagia sakafu maji kila nilipomaliza kushona.

Nyuzi hazileti kifaduro. Nilimuuliza nesi wa chanjo. Alicheka kwanza, halafu alipoona uso wangu akaacha. Akasema kifaduro kinatoka kwenye koo la mtu kuingia kwenye pua ya mtu, hakina njia nyingine. Na kwamba mara nyingi mtoto mchanga analetewa na mkubwa anayempenda, kwa sababu ndiye anayembeba.

Nilimsimulia na habari ya sungura. Alisema hajui mambo ya sungura, lakini kama ndugu yangu anafanya kazi na daktari wa mifugo, kwa nini hamuulizi yeye?

Nami nakuuliza hivyohivyo. Kwa nini hukumuuliza Miwani? Mtu ana kisima uani na anakufa kwa kiu, watu watasemaje?

Siku ngapi, kaka?

Mdogo wako

*

28 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Wote wazima.

Siku kumi na saba bila jibu. Na magazeti ya Miwani safari hii hayana kosa, maana niliandika jina lako kwa kalamu nyekundu juu ya bahasha.

Kitinda amenipigia kwa furaha, anasema umemwahidi utafika tarehe kumi na sita, na kwamba umemchongea mtoto sanduku la nguo. Sikumwambia kitu. Nilibana ulimi mpaka ukauma. Nilimuuliza tu kama kwenye simu ulikuwa unakohoa, akasema ndiyo, lakini ni kile cha kazi, si unakijua.

Kwa hiyo bado unakohoa. Toka mwezi wa pili mpaka leo.

Nikifika tarehe tano bila neno lako, nitamwandikia Miwani mwenyewe. Sijui kuandika barua za wakubwa, lakini nitaandika. Yeye si anasoma magazeti, atasoma na hiyo.

Mdogo wako

*

4 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Usimwandikie Miwani. Nakuomba, na mimi si mtu wa kukuomba.

Nikueleze hali ya huku uelewe. Kwenye mlango wa nyumba ya sungura kuna daftari la afya. Kila asubuhi kabla ya kuvaa buti unajaza: homa, kuhara, kikohozi. Ukiandika ndiyo kwenye kikohozi unatolewa mabandani, unapelekwa kufyeka majani nje mpaka upimwe, na wengine waliowahi kutolewa hawakurudishwa. Kwa hiyo tunaandika hakuna. Wote. Mwenye kukohoa anakohoa kwanza pale bombani, anajifuta, anaingia, anaandika hakuna. Aliyenifundisha kazi alinifundisha na hilo siku hiyohiyo. Mimi nimewafundisha waliokuja nyuma yangu. Ndevu, huyu tunayelala naye chumba kimoja, nilimfundisha mimi.

Lakini nimemuuliza Miwani, kwa njia ya kuzunguka. Nilisema ni habari ya jirani. Anapenda kuulizwa yule mzee, hapa hakuna anayemuuliza chochote zaidi ya funguo. Akachukua boksi la glavu akalichana na kuanza kuchora.

Anasema bakteria wa sungura na bakteria wa kifaduro ni wa ukoo mmoja, karibu sana, mtu na binamu yake. Wa sungura ndiye anayefanana zaidi na babu yao. Ana mali nyingi ya ukoo: anaweza kuishi kwa sungura, kwa mbwa, kwa nguruwe, hata kwenye maji anajishikiza. Akiingia puani anatandika mkeka. Mwili unamsukuma kidogo, naye anajibanza kidogo, wanaishi hivyo mpaka sungura anakufa kwa uzee. Huyu wa kifaduro alihamia kwa binadamu peke yake, na katika kuhama alitupa karibu mizigo yote. Hawezi tena kuishi kwa mnyama wala majini. Alichobaki nacho ni sumu moja, ambayo binamu yake naye amerithi namna ya kuitengeneza lakini haitengenezi. Hana makazi ya kudumu. Anaingia, anachafua, anamkohoza mtu ili arukie mwingine, na mwili unamfukuza. Mmoja mpangaji, mmoja mvamizi.

Sasa tazama mwenyewe. Kikohozi changu kina zaidi ya miezi mitatu. Kinakuja jioni, kinakwenda. Sina homa, nafanya kazi. Cha Tone kilikuja kwa kishindo na kutaka kumaliza kila kitu kwa wiki moja. Vinaweza kuwa kitu kimoja? Changu ni cha mpangaji. Miwani alisema yule wa sungura humpata mtu mara chache sana, lakini mara chache si kamwe.

Basi tuliza moyo. Tarehe kumi na sita naenda kwa Kitinda, nitafunga kitambaa mdomoni kama unataka.

Kaka yako

*

9 Mei

Kaka,

Shikamoo. Barua hii anakuletea shemeji yako mkononi, maana lori linapita huko kesho. Hajui kilichomo. Nimeifunga kwa uzi.

Mama hajambo. Tone amepata chanjo ya pili. Hizo ndizo habari.

Nilikwenda na barua yako kwa nesi. Nilimsomea kipande cha mpangaji na mvamizi akaniomba nirudie, akakipenda, akasema huyo Miwani aje afundishe huku. Halafu nikamsomea hesabu yako ya miezi mitatu, akatikisa kichwa. Nitakuandikia alivyosema, na usome taratibu.

Mtu mzima aliyechanjwa utotoni kinga yake inalegea, kama lastiki ya sketi iliyofuliwa miaka ishirini. Kifaduro kikimpata hakimwangushi. Hageuki rangi, hana homa, anakwenda kazini. Mdudu mwenyewe anakaa wiki tatu hivi, anaondoka. Lakini njia ya hewa ameshaichubua, na kupona kwake ni miezi. Kuna watu wanakiita kikohozi cha siku mia. Kinachokohoa leo kwako huenda si mdudu, ni kovu lake. Wewe umeona moshi unatoka kwenye majivu miezi mitatu, ukasema huu moto ni wa upole, haujawahi kuunguza nyumba.

Nilimuuliza, yaani mkubwa anaweza kukohoa muda mrefu kwa yuleyule mdudu aliyetaka kumuua mtoto? Akasema, "Huyohuyo, mama. Mdudu mmoja, makoo mawili."

Na Miwani wako aliposema mara chache si kamwe, wewe uliandika si kamwe ukaikumbatia, mara chache ukaiacha njiani.

Kwa hiyo kinachohitajika ni siku. Siku ulizokuwa nazo ulipofika kwangu. Kama zilikuwa chache, ulikuwa ndani ya zile wiki tatu. Na ndani ya wiki hizo ulimbeba mwanangu kifuani kila alasiri.

Nesi aliniambia na jingine, na hili ndilo lililonitoa jasho. Kama ulikuwa na kifaduro mwezi wa pili, wewe sasa pengine huambukizi tena. Lakini mnalala wawili chumbani, mnakohoa bombani mmoja baada ya mwingine, mnaandika hakuna mmoja baada ya mwingine. Nani ameanza kukohoa juzi? Huyo ndiye wa kuogopwa. Anaweza kumkoholea usoni kila aliye karibu naye, na wapo wenye wake waja wazito hapo kwenu, wewe mwenyewe uliwahi kuniambia. Hao wote mmewapa jina moja, cha kazi, na jina hilo limewafunga macho.

Nimempigia Kitinda leo. Nimemwambia ukifika tarehe kumi na sita bila karatasi ya kipimo, asikufungulie. Alilia. Alisema namgombanisha na kaka yake. Nikamwambia alie, mimi nimeshalia sehemu yangu.

Nenda kwa Miwani. Usimwambie habari ya jirani. Andika ndiyo kwenye lile daftari.

Nakupenda na nimekukasirikia, na vyote viwili vinanipa usingizi mbaya.

Mdogo wako

*

22 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama nimeongea naye, amenifokea, hajambo.

Shemeji alifika Jumapili saa sita. Alisimama getini injini inanguruma, akanipa barua, akaniuliza kama nimekula. Akatoa mkate wake kiti cha mbele akanigawia nusu. Nilikula mbele yake nikiwa najua kilichomo ndani ya bahasha. Angenipiga ningeshukuru.

Jumatatu asubuhi niliandika ndiyo. Ndevu alikuwa nyuma yangu kwenye foleni akaona, akaninong'oneza, "Umechoka kazi?" Nikamwambia nimechoka na bomba. Nikaenda kwa Miwani nikamweleza yote, ya daftari, ya miaka sita, ya nani alimfundisha nani. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Hakupiga kelele. Alisema yeye mwenyewe alikuwa anapita pale bombani kila asubuhi na kusikia, na kila asubuhi alisaini chini ya hakuna zetu kwa sababu ilikuwa rahisi kusaini. Halafu akawaita watu wa afya ya binadamu, akasema yeye ni wa sungura tu.

Walituchokonoa pua watu wote kumi na mmoja. Wawili wamekutwa nacho. Ndevu, aliyeanza kukohoa wiki mbili zilizopita, na dada mmoja wa jikoni, anayetengeneza chakula cha sungura, ambaye hata hatukujua kama anakohoa. Kifaduro, si cha sungura. Wote tumepewa dawa za siku tano. Kwa sungura walichukua pia, wakamkuta yule binamu, palepale anapokaa siku zote. Kwa mtu hakupatikana hata mmoja mwenye cha sungura. Miaka sita tumekuwa tunawasingizia.

Dada wa jikoni ana mjukuu wa mwezi mmoja nyumbani. Walimfuata siku hiyohiyo. Mtoto amepewa dawa kabla hajaanza chochote.

Kwangu hawakukuta kitu. Yule mtu wa kipimo alisema nimechelewa, kama ni yeye ameshaondoka zamani, na kwa kikohozi cha siku zile haiwezekani tena kuthibitisha. Nilipotoka nje nilifurahi. Nataka ujue kwamba nilifurahi. Nilisema moyoni, basi hakuna anayeweza kusema ni mimi. Nilitembea na furaha hiyo mpaka kwenye banda la tatu, ikanitoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Nilianza kukohoa tarehe ishirini na nne Januari. Nakumbuka kwa sababu ndiyo siku majike wawili walijifungua pamoja. Nilifika kwako tarehe moja Februari. Siku nane. Ulitaka namba, namba ni nane.

Tarehe tisa alasiri ulikuwa umelala nyuma ya pazia. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chako cha kushonea, Tone kifuani. Kikohozi kilinijia ghafla na mikono yangu yote miwili ilikuwa imemshika. Sikumwachia. Nilikohoa juu yake. Niliona matone kwenye paji la uso wake. Nikayafuta kwa kidole gumba, nikamwambia samahani mjomba ni mchafu, yeye akapiga miayo. Uliniuliza kutoka chumbani kama kuna nini, nikasema hakuna.

Nimelijua hilo toka barua yako ya kwanza. Kila nilichokuandikia baada ya hapo nilikiandika nikiwa naliona paji lile.

Kwa Kitinda sikwenda. Sanduku la nguo nimemtumia kwa basi. Ndevu hanisemeshi, na wengine watatu. Tunafyeka majani upande mmoja wa uwanja kila mtu na mgongo wake.

Mwonyeshe shemeji barua hii. Mwonyeshe na mama mkwe wako.

Kaka yako

*

3 Juni

Kaka,

Shikamoo. Kitinda alijifungua tarehe ishirini mtoto wa kiume, kilo tatu na robo. Mama yuko kwake na anaamrisha kila mtu, kwa hiyo amepona magoti. Sanduku limefika, mguu mmoja mfupi, tumeweka kikaratasi chini.

Barua yako niliisoma kwa sauti mezani. Shemeji yako alikuwepo na mama yake alikuwepo. Nilisoma yote, mpaka kwenye paji la uso, hapo nikampa shemeji yako amalizie kwa sababu macho yangu hayakuona. Alimaliza. Mama mkwe alisema, "Kwa hiyo si vumbi." Akanyanyuka akaenda kuosha vyombo, na huyo mwanamke tangu niolewe hajawahi kuosha chombo kwangu. Shemeji yako akaikunja barua. Halafu akasema, alikula nusu mkate wangu. Basi. Mpe muda. Alipopita chumba cha mbele jioni, mkono ulikuwa mfukoni.

Nimekukasirikia zaidi kuliko mwezi wa tatu. Nilidhani nikipata namba nitapoa. Sikupoa. Miezi miwili uliniacha nibebe la vumbi peke yangu huku unajua. Hilo si la bakteria, hilo ni lako, na sitaki ulichanganye na mengine. La kukohoa hukukusudia. La kunyamaza ulikusudia mara tatu, kwa tarehe.

Sasa na langu. Nimekaa nalo nikikudai wewe useme, na nisiposema nitakuwa najaza daftari kama nyie.

Nilikusikia. Tarehe tisa, nyuma ya pazia, sikuwa nimelala. Nilisikia ulivyokohoa, na nilisikia kwamba hukugeuza uso, kwa sababu sauti haikugonga ukuta. Nilikuuliza kuna nini, ukasema hakuna, na mimi nikachagua kuamini. Nilikuwa sijalala saa tatu mfululizo toka nizae. Kama ningenyanyuka ningelazimika kumchukua mtoto, na nilitaka sana kulala, kaka. Nililala saa mbili nzima. Ulikuwa usingizi mtamu kuliko wote tangu nizae.

Na daktari aliponiuliza nani anakohoa nyumbani, nilijibu hakuna huku nikikisikia kikohozi chako masikioni. Siku ile ningesema, wangekufuata huko kazini zile wiki tatu zikiwa zimepita siku chache tu, na wenzako wote wangepimwa. Ndevu asingekipata, wala dada wa jikoni. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko wewe.

Hili shemeji yako nimemwambia jana. Alinisikiliza akiwa anafunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena.  Nasubiri neno lake.

Nesi anasema huyo mjukuu wa dada wa jikoni akipita wiki hii bila dalili amevuka. Niandikie amevukaje. Nataka kujua kuliko ninavyotaka kujua habari zako.

Njoo mwezi wa saba. Nenda kwanza kwa shemeji yako, si kwangu, mtafute kwenye maegesho ya malori mkae muongee wanaume wawili, halafu ndiyo uje mlangoni. Utamkuta Tone amenenepa, ana mikunjo miwili kwenye kila paja. Hatapiki tena. Kikohozi kimebaki kidogo tu, kinamjia akicheka. Akianza kucheka hawezi kujizuia, kinamshika, uso unakuwa mwekundu, na mimi naganda nilipo mpaka avute pumzi. Kwa hiyo siku hizi nyumba nzima tunamchekesha kidogo kidogo, mmoja akianza mwingine anamtuliza. Nakujua wewe na vituko vyako. Ukija, kaa naye kimya kwanza.

Mdogo wako